Kasuku Atazame Wapi? Mama Geuza Anatuaga

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuchora bodi za saketi, vile vibao vya umeme vilivyomo ndani ya mitambo, katika karakana yetu, Mama Geuza anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu mimi ndiye ninayerithi kiti chake, na kusema kweli kichwa kinaniuma.

Alianza kwa kuchora njia za shaba kwa kalamu na rula. Bodi zake za mizani na redio bado zinafanya kazi huko ziliko. Mumewe hadi leo anawaambia watu kwamba mkewe ni fundi redio, na Mama amechoka kumsahihisha.

Jina lake la utani limetokana na kasuku. Mteja wetu anayeunda pampu za maji alileta picha ya nembo yake, kasuku wa kijani, akataka ichapwe kwa wino mweupe mgongoni mwa kila bodi. Mashine ya kuchapa haijui kijani wala kivuli. Inajua wino upo au haupo. Picha ilipoingizwa kama ilivyo, kasuku alitoka kama kiazi. Bosi akaagiza nembo igeuzwe, akimaanisha ifanywe mchoro wa rangi moja. Mama akafanya hivyo, kisha akamgeuza ndege kushoto kulia, maana mgongo wa bodi huchorwa kana kwamba unauona kutokea upande wa mbele, yaani kinyume. Mchoraji mwenzake akadhani hilo ni kosa, akamgeuza tena. Msimamizi naye akageuza rangi, penye wino pakawa patupu. Bodi zilirudi na mstatili mweupe wenye tundu la umbo la kasuku, tena akitazama upande usio wake.

Tangu siku hiyo Mama alipiga marufuku neno "geuza" karakanani. Anayelitamka huulizwa kwanza: kushoto kulia, juu chini, rangi, au aina ya faili? Bosi mwenyewe amewahi kusimamishwa mlangoni mpaka ajibu.

Tatizo ni kwamba kasuku alishapita mikono mingi mno. Kwenye kompyuta kuna mafaili mawili, moja ndege anatazama kulia, jingine kushoto, na kila mtu anaapa kwamba lake ndilo la asili. Mteja alionya kuwa akikosewa tena anahamia kwingine. Mzigo wa mwisho wa bodi zake Mama aliniachia mimi, akakataa hata kuchungulia. Nilichagua faili moja, nikabadili mawazo, nikarudia lile la kwanza.

Juzi mteja alikuja kuchukua bodi zake. Akatazama bodi, akatazama fulana aliyovaa, akatoa kadi yake ya biashara. Kwenye fulana ndege alielekea kulia, kwenye kadi kushoto. Akamuuliza Mama kama huyu wa kwenye bodi ndiye. Mama akavaa miwani, akaikagua bodi taratibu, akasema ndiye. Mteja akashusha pumzi, akabeba maboksi.

Nilimfuata Mama kwenye korido kumuuliza alijuaje. Akaniambia hakujua, ila aliniona nimeishikilia meza kwa mikono miwili.

Mama, tunakushukuru kwa kila bodi na kwa ukali wako wote. Nenda ukalale hadi jua liwake, uwachezeshe wajukuu, afya ikuandame. Ila simu usiizime, maana kuanzia Jumatatu atakayeulizwa ni mimi.