Wamae Kingori, Aliyepima Orodha za Divai za Mahoteli ya Mlimani

Wazee wa kanisa, jamaa, majirani na ninyi nyote mliofika hapa Naro Moru na mvua hii, mimi ni Murugi, kifungua mimba wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya baba yetu jinsi tulivyoyajua.

Marehemu Josphat Wamae Kingori alizaliwa mwaka wa 1930, mwezi ambao hakuna aliyeuandika, upande wa Kiganjo, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Kingori na Mama Murugi, ambaye ndiye niliyepewa jina lake. Aliingia shule ya misheni mwaka wa 1939, akafika darasa la nne mwaka wa 1943, kisha babake akaugua mgongo na yeye akaacha masomo ili alime bustani za Wazungu. Mwaka wa 1954, wakati wa Hali ya Hatari, alichukuliwa kizuizini, akachimba mifereji ya Mwea pamoja na wengine wengi, na aliachiliwa mwezi wa Agosti 1958, akiwa amekonda lakini mzima.

Tarehe 5 Januari 1959 aliandikwa kazi ya kuosha gilasi katika hoteli moja mjini Nyeri, na hapo ndipo alipokutana na Mzee Shee wa Majengo, aliyekuwa mtunzaji wa stoo. Mzee Shee alikuwa Mwislamu, hakuwahi kuonja divai maisha yake yote, lakini alijua kuitunza kuliko Wazungu waliokuwa wakiinywa, naye alimfundisha Baba kulaza chupa ili kizibo kisikauke, kuziweka mbali na joto la jiko, kusoma lebo, na kuitambua iliyoharibika kwa rangi yake peke yake. Baba aliongeza pua. Alikuwa akinusa kila gilasi iliyorudi kutoka mezani kabla ya kuiosha, na baada ya miaka mitatu aliweza kusema chupa ilitoka nchi gani akiwa amefumba macho.

Tarehe 22 Desemba 1962 alifunga ndoa na mama yetu, Kabura binti Theuri, na Mungu akawajalia watoto wanne, ambao ni mimi, Kingori, Watiri, na Theuri aliye kitindamimba. Mwaka wa 1964 Mwingereza aliyekuwa akisimamia divai alirudi kwao, na kazi yake ikapewa Baba, Mwafrika wa kwanza kuishika katika hoteli hiyo.

Kazi hiyo ilimletea taabu kanisani. Mwezi wa Mei 1966 baraza la wazee lilimwita, likamwuliza inakuwaje mshiriki wa meza ya Bwana anashinda akionja pombe, naye akajibu kwamba huisukutua mdomoni na kuitema kwenye ndoo, kwa kuwa mwalimu husahihisha makosa ya wanafunzi bila kuyafanya. Wengine walicheka, lakini hawakuridhika, na alisimamishwa kwa miezi minane, akiketi benchi la nyuma kila Jumapili bila kukosa. Mwishowe Mzee Gatimu, ambaye yuko nasi hapa leo, alisafiri hadi hotelini, akaketi kando ya ile ndoo tangu saa nane hadi saa kumi na moja, akahesabu chupa kumi na mbili zikionjwa, halafu akarudi kuliambia baraza, "Mimi niliangalia koo yake, si mdomo. Huyu mtu hajameza hata kidogo." Baba alirudishiwa ushirika mwezi wa Januari 1967.

Tarehe 1 Machi 1972 chama cha wenye mahoteli wa sehemu hii, waliokuwa wakichapa kijitabu cha wasafiri kila mwaka, walimwajiri Baba azunguke Nyeri, Nanyuki, Embu na Kerugoya akipima orodha zao za divai. Yeye hakuhesabu urefu wa orodha. Aliagiza kwanza chupa ya bei ya chini kabisa, kwa sababu alisema mwenye hoteli humchagulia tajiri kwa uangalifu, na heshima yake utaijua kwa kile anachompa mgeni wa mshahara mdogo. Kisha aliagiza iliyo katikati, akauliza mhudumu inafaa kuliwa na nini, akalinganisha bei na ile ya dukani, na mwisho akaomba kuingia stoo. Orodha ya divai saba zilizotunzwa vizuri, zenye bei isiyomdharau mnunuzi, aliipa alama za juu kuliko kitabu cha kurasa kumi.

Sasa nitasoma sehemu ambayo Mama aliniambia nisiifiche. Mjomba wetu Ngatia, kakake Mama, alikuwa amenunua hoteli kando ya barabara ya Nanyuki kutoka kwa Mzungu aliyehama, na tarehe 16 Julai 1977 zamu yake ya kupimwa ilifika. Baba aliomba chama kimtume mtu mwingine, wakasema hakuna mwingine, basi akaenda. Orodha ilikuwa nzuri ajabu, jalada la ngozi, divai arobaini na mbili, lakini kila alichoagiza aliambiwa kimeisha jana, na stoo ilikuwa na aina kumi na moja tu, zimesimamishwa wima karibu na bomba la maji moto, nusu yake zimeanza kuwa siki.

Jumapili iliyofuata mjomba alikuja nyumbani kwetu, nikiwa na miaka kumi na mitatu, nami nilisikia kila kitu nikiwa jikoni. Alisema, "Shemeji, andika hata zile nimeagiza Nairobi, zinakuja. Ukiandika hivi utakuwa umenimaliza."

Baba akamjibu, "Zikija nitarudi nizione. Lakini msomaji akifika kwako wiki hii, atakunywa nini?"

Mjomba akamgeukia Mama, akamwambia, "Kabura, ona vile bwana yako anatutendea," akaondoka bila kugusa chai.

Kijitabu kilitoka mwezi wa Oktoba, hoteli ya mjomba ikiwa ya mwisho katika orodha zote. Mama alifunga nguo zake akaenda kwa kakake kwa wiki tatu, na Baba alitupikia viazi kila siku, hakumsema vibaya hata mara moja, ila nilimwona akiketi shambani na jembe mapajani, halimi. Mama aliporudi alisema jambo moja tu, kwamba alikuwa ameingia ile stoo mwenyewe na kuona. Lakini mjomba hakukanyaga kwetu kwa miaka minne, hata Watiri alipobatizwa hakuja, na jambo hilo lilimuuma Baba kuliko kizuizi, hayo ni maneno yake mwenyewe.

Tarehe 3 Mei 1981 mjomba alifika asubuhi, amebeba ile orodha ya ngozi kwapani, akaiweka mezani na kusema, "Wageni wamekwisha. Nionyeshe ya kukata." Walikata siku nzima, wakibishana kwa sauti hadi majirani wakadhani ni vita, wakabaki na divai tisa, nami niliyekuwa nimemaliza kidato cha nne na kujifunza taipu nikaipiga kwenye karatasi moja tu. Baba alimwambia, "Mwaka huu sitakupima mimi, kwa sababu hii sasa nimeiandika," na chama kikamtafuta mtu kutoka Nairobi, aliyeipa nafasi ya pili.

Mwezi wa Novemba 1984, akiwa kazini Embu, Baba alifunguliwa chupa, akainusa, akainyanyua kalamu aandike alama nzuri, halafu akaona mhudumu amekunja uso. Ilikuwa siki tupu. Alikuwa hasikii harufu yoyote. Hakuna aliyejua, na angeweza kuendelea kwa jina alilokuwa nalo, lakini siku hiyo hiyo aliandika barua ya kuacha kazi, akataja sababu, akaomba mahoteli matatu aliyoyapima mwezi huo yapimwe upya.

Madaktari walipata uvimbe nyuma ya pua mwezi wa Februari 1985. Alitibiwa Nyeri na Nairobi, akapata nafuu, ugonjwa ukarudi mwezi wa Oktoba mwaka jana, na mjomba Ngatia ndiye aliyekuwa akimpeleka hospitali kila Jumanne kwa gari lake. Baba alitutoka Jumamosi, tarehe 14 Machi 1987, saa tatu asubuhi, Mama akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka hamsini na sita au hamsini na saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa wale waliomwambia ukweli alipouuliza, majirani waliotukamulia ng'ombe na kutuletea kuni wiki hii nzima, washiriki wa kanisa, chama cha wenye mahoteli, na watoto wa marehemu Mzee Shee waliotoka Majengo alfajiri ili wawe nasi. Mama ameniomba niwaambie kwamba hana deni la moyo na mtu yeyote, na kama yupo aliyekwazwa na alama za Baba, amsamehe leo.

Baba, umefanya kazi yako. Pumzika sasa, kwa amani ya Mungu.