Bwana Ndoo na Boti Isiyo na Propela

Ndugu waombolezaji, mimi na marehemu tumeachiana ziwa. Nimeombwa nisome haya kwa sababu wifi yangu, mjane wake, anasema akisoma yeye atacheka, na mjane akicheka makaburini watu hawakosi la kusema.

Kaka alizaliwa tarehe 9 Aprili 1953, mtoto wa pili wa mwashi na mshona nguo. Alitanguliza miguu. Mama alisema tangu hapo hakuwahi kupita njia wanayopita wenzake.

Shule ya msingi alisoma karibu na nyumbani. Huko siku moja alipewa mpira wa maji amwagilie maua. Alifungua bomba lote, mpira ukamponyoka, ukamwogesha mwalimu mkuu, suti na yote. Alipoulizwa ana lipi la kujitetea, alisema, "Mwalimu, kwa nini maji yanakwenda mbele, mpira unarudi nyuma?" Alijibiwa kwa fimbo, lakini swali alibaki nalo. Mwaka 1974 alihitimu chuo cha ufundi, akaajiriwa katika karakana ya pampu za maji.

Alifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1978. Wifi aliposhikwa na uchungu wa mtoto wa kwanza kilikuwa kiangazi, na zahanati iko ng'ambo ya kinamasi. Walivuka kwa boti; propela yake iligonga jiwe, ikasokotwa na majani, wakakwama. Mkunga alikuwa ukingoni akipiga kelele, "Sukuma! Siyo wewe baba, acha boti! Mama, sukuma!" Leo tunacheka kwa kuwa mtoto alipona. Kaka hakucheka. Alimshika mkewe mkono akiamini anawapoteza wote wawili, na palepale aliapa kuunda boti isiyo na propela chini, itakayopita hata penye maji ya kifundo cha mguu.

Alichukua pampu chakavu, akaifunga ndani ya boti ili ifyonze maji kwa chini na kuyatema nyuma kwa nguvu, boti isukumwe mbele, kama ule mpira wa shuleni. Boti ya kwanza ilifyonza tope, ikazimika. Ya pili ilifyonza suruali ya jirani aliyekuwa akifua, ndipo kaka akajifunza kuweka wavu. Kila alipokata tamaa wifi alimwambia, "Maji umeshayavulia nguo, yaoge tu," ingawa aliyevuliwa nguo alikuwa jirani.

Juni 1991 maofisa wa afya walikuja kuona kama boti hiyo itafaa kubeba wagonjwa. Sasa, boti ya namna hii husimamishwa kwa kushusha kikombe kikubwa cha chuma nyuma yake, ili maji yanayotoka yageuzwe mbele. Karakanani walikiita "ndoo". Siku hiyo msaidizi wake aliumwa, wifi akakaa nyuma badala yake. Walipoukaribia ukingo kwa kasi, kaka akapaza sauti, "Shusha ndoo!"

Wifi, mke mtiifu kwa siku ile moja tu, akachukua ndoo ya kutolea maji botini, akaishusha ziwani.

"Mama watoto, shusha ndoo!"

"Si nimeshusha! Nichote ngapi?"

Boti ilipanda nchi kavu, ikasimama kwenye kabichi za mkunga. Ofisa mkubwa, aliyekuwa ameruka pembeni, alijipangusa akasema, "Ikiwa inafika mpaka bustanini, maji ya kifundo yataishinda vipi?" Akaagiza mbili. Kaka akaitwa Bwana Ndoo, na tangu boti hizo zianze kazi hakuna mama aliyejifungulia tena kinamasini.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2021. Mwezi huu alizidiwa, akalazwa kwenye sakafu ya boti yake mwenyewe. Alitega sikio, akamwambia dereva, "Punguza moto, inakohoa." Dereva akajibu, "Mzee, anayekohoa ni wewe." Alifika hospitali akiwa bado anabishana. Daktari alisema wangezunguka kwa barabara wasingefika naye. Alipata nafasi ya kuagana na mkewe na wanawe, akafariki Jumanne asubuhi, tarehe 6 Agosti 2024. Nilimpenda kaka yangu, na nimeudhika kwamba hakuningoja.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, na mimi niliyezoea kugombana naye.

Ndugu mliotoka ng'ambo, kiangazi hiki maji hayafiki hata nusu ya muundi, na bado mmefika nyote, na wazee, na vichanga. Hebu tazameni viatu vyenu. Vikavu.

Kaka, umetuvusha sote. Sasa vuka wewe, upumzike.