Nusu Mshahara wa Kiplangat

— Wewe, ukivunjika mguu leo, kesho nani atakulisha?

Wakili alinirushia swali hilo kabla sijakaa. Benchi lenyewe ni ubao mmoja uliolazwa juu ya madebe mawili, kati ya jiko la kahawa la Rispah na kibanda ambamo Kemboi hufungua redio za watu na kuzisahau zikiwa wazi. Ilikuwa Jumatano moja ya Septemba, mwaka wa themanini na nane, saa kumi hivi. Mvua ya Kitale ilikuwa imemaliza kunyesha na kutuachia matope. Walikuwapo wanne. Mathenge tunamwita Wakili kwa sababu aliwahi kuwa tarishi wa wakili wa kweli huko Nakuru. Alibeba mafaili miaka sita, na tangu hapo huongea kama aliyeyasoma. Kemboi ni Redio, kwa kazi yake na kwa mdomo wake. Rispah ni Rispah. Hakuna aliyethubutu kumpa jina. Na Nyongesa wa Bungoma, mpakiaji katika kinu cha unga, huinua gunia la kilo tisini peke yake, basi anaitwa Tisini. Mimi hupita hapo nikitoka kufundisha. Kahawa ni nzuri kuliko mazungumzo, ingawa siku hiyo sina hakika.

— Sijui, nikasema. Nani?

— Bima! Wakili akajibu, akapiga goti lake. Bima ndiyo inapaswa kukulisha. Sasa muulize Kiplangat kama amekula.

Kiplangat alikuwa mpakiaji mwenzake Tisini. Jumamosi moja ya Agosti, magunia yalimporomokea pale kinuni yakamvunja mguu wa kulia. Daktari alimfunga plasta hadi kwenye paja, akasema miezi mitatu. Kinu kilikuwa na bima ya wafanyakazi: ukiumia kazini unalipwa nusu mshahara hadi daktari aseme umepona. Wiki ya tano ilikuwa inakwisha na Kiplangat hajaona hata senti. Bima ilikuwa imekataa, na kama hakuna wa kuipinga kwa afisa wa kazi kufikia Ijumaa, faili linafungwa.

— Na kwa nini nusu? Rispah akauliza huku akimimina. Mguu ikivunjika, watoto nao wanakula nusu?

— Hiyo nusu ingine wanaficha ndio usizoee kukaa nyumbani, Redio akasema.

— Hapana, hapana. Wakili aliinua kidole. Hiyo ni sheria. Mfanyakazi amepoteza mguu mmoja kati ya miwili. Mmoja kati ya miwili ni nini, mwalimu?

— Nusu, nikasema, kwa aibu.

— Umeona? Hata waliosoma wanajua.

Rispah aliniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyetunga sheria hiyo.

— Sasa kama ni nusu, mbona hawalipi hata hiyo nusu? akauliza.

— Mimi nimechunguza, Wakili akasema, akashusha sauti. Kiplangat ni mpakiaji. Mpakiaji anabeba na nini? Na bega. Kampuni ilikata bima ya bega. Angevunjika bega, saa hii angekuwa anakula kuku. Lakini yeye akaenda akavunjika mguu. Mguu haiko kwa mkataba.

— Bega inatembea peke yake? Rispah akauliza. Inafika kazini bila mguu?

— Mama, sheria haiangalii kutembea.

Redio akacheka hadi kahawa ikamwagika.

— Bana Wakili, wacha nikuambie ukweli. Hawa watu hawakukatia mtu bima. Walikatia gunia. Gunia ni mali, iko na namba, iko na risiti. Mtu iko na risiti? Sasa kwa karatasi, si gunia ilianguka kwa Kiplangat. Kiplangat ndiye aligonga gunia. Bahati yake gunia haikupasuka, angelipishwa.

— Ndiyo maana Kiplangat hasemi! Wakili akadakia. Mtu anaulizwa mambo rahisi, anaangalia ukuta. Anaogopa kushtakiwa na gunia.

Tisini alikuwa amekaa kimya, kikombe kimepotea ndani ya kiganja chake. Yeye si mtu wa kukaa kimya. Redio alimgusa kwa kiwiko.

— Na wewe? Si wewe unafanya huko?

Tisini alitazama pembeni kidogo, kisha akaanza haraka, kama mtu aliyesukumwa.

— Nyinyi hamjui bima. Bima iko na watu yake. Wanatoka Nairobi, wanavaa kama wahubiri, wanaingia kanisa. Wimbo ikianza wanaangalia nani anaruka. Ukiruka na plasta, wanaandika. Wengine wanauza ndizi karibu na nyumba yako, wanahesabu mara ngapi umeenda choo. Na daktari naye ni wao. Anafunga plasta kubwa ndio mguu ipone mbio. Ikishapona, wanakuja wanakuambia, haya, tuonyeshe mahali ilivunjika. Utaonyesha nini?



— Hiyo ya mwisho ni kweli kabisa, Wakili akasema taratibu. Sijui nilikosaje kuifikiria.

Mimi nilikuwa nafikiri jambo lingine. Nilikuwa nawaza jinsi sisi watu tulivyo wepesi kuamini kuna majasusi wa ndizi, na wagumu kuamini kwamba mahali fulani kuna karatasi moja tu, iliyoandikwa na mtu mmoja mwenye kalamu, na kwamba mtu huyo huenda anakunywa kahawa kama sisi. Uovu ukiwa mbali na mkubwa, unapumzisha. Hakuna anayelazimika kusimama.

— Mimi nasema, Rispah akasema, afadhali Tisini. Nyinyi mnaongea, yeye anapeleka unga. Kila Jumapili, mfuko mzima, mpaka kwa mlango wa Kiplangat. Sijaona rafiki kama huyo.

— Wachana na hiyo, mama, Tisini akasema.

— Siwachani nayo. Mtu akifanya mzuri asemwe.

— Nimesema wachana nayo!

Rispah alishangaa. Hatukuwahi kumsikia Tisini akimpandishia mwanamke sauti. Hapo ndipo tulipomwona Chemutai, mke wa Kiplangat, akivuka barabara na viatu mkononi kwa sababu ya matope, bahasha ikiwa imebanwa kwapani.

— Hamjambo wazee. Mama Rispah. Mwalimu. Halafu, kwa sauti nyororo zaidi: shemeji Nyongesa, uko?

— Niko, Tisini akasema.

— Nimetoka kwa afisa wa kazi. Amenipa hii barua ya bima nisome kwanza, halafu nirudi Ijumaa kama kuna kitu naweza kupinga. Lakini ni Kizungu ya ofisi.

Wakili alinyoosha mkono kabla hajamaliza. Aliishika barua kwa ncha za vidole, akasoma tarehe kwa sauti, akasoma anwani, akatikisa kichwa kwa uchungu wa kitaalamu, kisha akasema macho yake yamechoka na matope haya. Barua ikanifikia. Matope na macho vinahusianaje, sikuuliza.

Nilisoma. Haikuwa ndefu. Nikawaambia kwa Kiswahili kilichomo: kwamba Kiplangat hakuwa zamuni siku hiyo, kwamba kadi yake ya kazi haikupigwa mhuri wa saa, kwamba kwa maelezo ya mfanyakazi mwenzake aliyekuwa zamuni, maelezo yaliyotiwa sahihi, Kiplangat aliingia kinuni bila ruhusa ili kusalimia watu. Kwa hiyo hakuumia kazini. Kwa hiyo hakuna malipo.

— Kusalimia watu? Rispah akasema.

— Hivyo ndivyo ilivyoandikwa.

— Na jina la huyo shahidi? Redio akauliza.

— Halipo. Wameandika mfanyakazi tu.

Wakili alipata nguvu upya.

— Shahidi bila jina! Hiyo barua ni hewa. Hakuna shahidi. Huyo shahidi ni bima yenyewe imevaa ovaroli. Tisini si amesema? Wanavaa kama wahubiri, watashindwa na ovaroli?

— Mzee, Chemutai akasema, naomba kuuliza tu.

Akatua viatu vyake chini. Ni mwanamke mwembamba, haongei sana; watoto wake wawili nimewafundisha na wote wamerithi hiyo tabia ya kufikiri kabla ya kufungua kinywa.

— Ile Jumamosi bwana yangu aliamka saa kumi na moja, giza. Akavaa ovaroli. Akabeba chakula ya saa sita. Nikamwambia leo si ni ofu yako, siku ya kupumzika? Akasema naenda kazi. Sasa nauliza. Nani huyo anaenda kusalimia watu saa kumi na moja asubuhi, na chakula kwa mfuko?

Wakili alitazama ndani ya kikombe chake. Redio alianza kukwaruza ubao kwa bisibisi.

— Nikimuuliza, Chemutai akaendelea, anageukia ukuta. Ananiambia, kuna mtu nilimpa neno langu, huyo mtu atasema mwenyewe. Wiki tano. Mimi sijui ni mtu gani. Shemeji, wewe ulikuwa shifti hiyo siku. Na wewe ndiye umetushika mkono wakati huu wote, mimi siwezi kusahau. Hukuona nani aliandika?

Tisini alisema kitu kwa chini.

— Ati? Redio akauliza.

— Nimesema sikuwa.

— Hukuwa nini?

Nilimwona Wakili akielewa. Ni mara ya kwanza nilimwona akielewa jambo mbele ya watu wengine, na uso wake haukufurahia. Alimwinamia Tisini, akaongea polepole, bila sheria yoyote.

— Nyongesa. Kunywa kahawa yako. Uko na watoto wanne na kazi moja. Hapa hakuna mtu amesikia kitu.

— Mimi nimesikia, Rispah akasema.

Tisini alisimama. Ubao uliinuka upande wake, sote tukajishika. Hakumtazama Wakili wala Rispah. Alimtazama Chemutai, na sauti yake ikatoka kubwa, ya mtu aliyezoea kuita juu ya mashine.

— Sikuwa kazini. Nilikuwa Bungoma. Dada yangu alikuwa anatahirisha kijana, na kwa mila yetu mjomba ndiye anavalisha kijana nyama ya ng'ombe shingoni kabla ya kisu. Hakuna mtu mwingine anaweza, ni mjomba tu. Niliomba ruhusa. Meneja akasema Agosti watu wa Bungoma wote ni wajomba, akanifukuza ofisini. Kiplangat akaniambia, enda, kijana atasimama na nani? Nitakushikia shifti, nitakupigia kadi. Hivyo ndio tunafanyiana huko, kila mtu, na kila mtu ananyamaza. Jumatatu naingia, naitwa. Kadi yangu inasema nilikuwa ndani Jumamosi. Meneja ananiambia, basi wewe ni shahidi, andika Kiplangat alikuwa anatafuta nini hapa na siku ni ofu yake.

— Shemeji, Chemutai akasema.

— Ningesema ukweli, nafutwa hapo hapo. Nikafikiria, bima ni ya wazungu, iko na pesa, italipa tu, itakosaje kulipa mtu mguu imevunjika? Nikashika kalamu. Mimi ndiye niliandika, mama. Alikuja kusalimia watu. Ni mimi.