Gome la Mama Berthe

Wasikilizaji wapendwa, ambao mna sufuria motoni, punguzeni moto kidogo, mukae. Leo tunamkumbuka Mama Berthe wa Mangobo, muuza samaki wa kukauka. Tulimzika Jumanne. Mti wake wa dawa hatutautaja hapa redioni. Akina mama, musiulize. Tukiutaja, kesho utabaki uchi bila gome, toka hapa mpaka Yangambi.

Mama Berthe alizaliwa Yanonge, kando ya mto. Gome lile alilirithi kwa bibi yake, dawa ya majipu sugu. Pamoja na gome alirithi sheria moja: mwenye dawa anaonja kwanza, mbele ya mgonjwa, ndipo mgonjwa anakunywa. Mama Berthe hakuvunja sheria hiyo hata mara moja. Ndiyo maana watu walimwamini.

Siku moja citoyen Hemedi, mtu wa Maniema anayefanya kazi katika labo, ile maabara ya kampasi, alikuja kununua samaki, akasikia habari za gome, akaomba kipande. Mama Berthe akampa kikapu kizima. Kule labo wakalitwanga, wakaliloweka katika alkoli, wakalikausha likawa unga. Unga ukapelekwa Ubelgiji, kwa wale wanaofuga chembe za kansa ndani ya vioo. Munasikia, wapendwa? Ndani ya vioo. Si ndani ya mtu.

Miezi ikapita. Hemedi akarudi sokoni anacheka.

"Mama Berthe, gome yako imeua kansa!"

Alitaka kuendelea. Alisema, "Lakini..." Nani angesikia "lakini" ndani ya vigelegele vile? Mama Berthe alimfungia kambale mkubwa wa bure, akamsukuma aende kula. Jumamosi ya salongo, mtaa mzima ukiwa na fagio na majembe, hakuna aliyezungumza kitu kingine. "Wazungu walishindwa, mama wa samaki ameweza!"

Mwaka uliofuata akagusa kijiwe katika ziwa la kushoto. Kidogo, kama punje ya karanga. Daktari akamwambia, "Mama, tukate sasa, ingali ndogo." Binti yake Julie alikuwepo. Anasema mama yake alicheka tu.

"Nikatwe kwa sababu gani? Gome si iko kwangu?"

Na kwa kuwa alisikia labo wanaloweka katika alkoli, naye akaloweka katika alkoli. Aliyoipata ni lotoko, ile pombe kali tunayoijua wote. Chupa ikakaa chini ya kitanda. Glasi asubuhi, glasi jioni.

Hemedi aliposikia, akapanda kinga, baiskeli yake, mpaka Mangobo.

"Mama Berthe, wacha hiyo kitu. Ile siku haukuniacha nimalize. Iliua kansa, ni kweli. Lakini iliua na chembe nzima, zile hazina ugonjwa. Zote! Ukichoma nyumba, panya inakufa. Bon, utalala wapi?"

"Eh, citoyen! Unataka gome ikuwe yako peke yako? Enda, uvae koti yako nyeupe, uache wamama."

Julie anasema mama hakuwa mkaidi. "Aliona kama wanamunyang'anya bibi yake."

Karanga ikawa yai. Macho yakawa manjano, tumbo likajaa maji. Aliporudi hospitali, daktari hakutaja tena neno la kukata.

Hemedi hakuacha kuja kumwona. Siku moja Mama Berthe akamwuliza, "Kule labo mungali munatafuta?"

"Tungali, mama. Tunataka kutenga kinachoua kansa na kinachoua mutu. Pengine tutapata. Pengine tutazeeka mbele ya kupata."

"Basi mutafute polepole. Na musiseme nusu sokoni."

Hemedi aliinamisha kichwa.

Mwezi uliopita akafika mama kijana wa Kabondo, jina lake Françoise. Kijiwe katika ziwa, kikombe mkononi, anataka dawa ya gome. Daktari alikuwa amempa siku ya kukatwa, naye akaikimbia. Akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, onja, nami nikunywe."

Mama Berthe akamwambia Julie amfunulie kikwembe. Françoise aliona lile ziwa, na tumbo lililojaa maji, akageuza uso.

"Angalia, mwanangu, usigeuke. Mimi nilisha kuonja. Nilionja kwa ajili yenu wote. Beba kikombe yako, enda kwa daktari."

Françoise alikwenda. Alikatwa. Jumanne alikuwa kwenye matanga, mkono umefungwa kitambaa, analia kuliko ndugu.

Pole Julie, pole kwa wadogo zako, pole kwa jamaa wote wa Yanonge. Mungu awafariji. Tuliomjua tunalia pamoja nanyi.

Na wewe mama unayesikiliza, sisi wenye mabinti tunakuomba: jiguse kifuani leo. Ukikuta karanga, usingoje iwe yai. Ukisikia dawa imeshinda ndani ya kioo, uliza na ile nusu nyingine ya habari. Na kama chupa iko chini ya kitanda chako, imwage. Aliyeionja tumemzika Jumanne.