Papasa Kabla Hujakata

Sikiliza, mwanangu, na ukilegeze kidogo hicho kidole changu unachokitafuna, maana mama yako ana neno refu na muda mfupi. Nesi ameshanipa dawa ya kutuliza, akaniambia kabla ya saa tatu ulimi utakuwa mzito na macho yatajifunga yenyewe, kisha watanisukuma hadi chumba cha upasuaji wakaurekebishe mlango mmoja wa moyo wangu usiofunga sawasawa. Wosia ni kazi ya wazee, najua, mtu awe na mvi zake na ukoo mzima umezunguka kitanda. Mimi nina miaka ishirini na minne, na ukoo uliopo hapa ni wewe wa miezi minane na shangazi yako aliyekaa kwenye stuli na daftari mapajani, anaandika kila ninalosema uje ulisome utakapojua kusoma, huku baba yako yuko chini kwenye dirisha la malipo anatia saini makaratasi. Andika, wifi, hata mzaha uandike. Daktari amesema wengi huamka, tena amenichorea moyo wenyewe kwenye karatasi, lakini mimi naogopa, mwanangu, naogopa hadi vidole vya miguu vimepoa, na mwenye hofu akinyamaza hofu humlea yeye. Basi nasema. Neno lenyewe ni hili, nani akulee nisipoamka, na nitalifikia. Nalizunguka kwa sababu linanitia aibu.

Nianze na mali, haitatuchelewesha. Cherehani nyeusi ni yako, na kile kipande cha mbao chini ya mguu wake wa kushoto usikitoe, ndicho kinachoisimamisha. Mkasi mkubwa ni wako, na asiutumie mtu kukatia karatasi, hata baba yako, hasa baba yako. Na hiki kimto cha mahameli ya zambarau ni chako tangu siku uliyozaliwa, ila leo nimekiazima, maana mama mchuuzi wa mboga wa kitanda cha pili, yeye alipasuliwa juma lililopita, ameniambia jana kwamba ukiamka na mshono kifuani, siku ya kukohoa utaona nyota mchana, isipokuwa ukumbatie mto kwa nguvu ndipo ukohoe. Madaktari watatu wamepita hapa na hakuna aliyenitajia. Akanifanyisha mazoezi, nakohoa nimekumbatia mto, yeye ananicheka ameshika wake. Basi nikiamka nitakaa nacho mpaka kifua kipone, halafu nitakurudishia.

Kimto hicho kina kisa, na kisa ndicho urithi, kitambaa ni nyongeza tu.

Nilipomaliza kidato cha nne nilifaulu, hesabu nilipata alama ya juu kabisa, na siku ya kwanza katika karakana ya ushonaji niliingia na cheti changu ndani ya bahasha ya plastiki, nikamwonyesha fundi mkuu, nikawaonyesha mafundi wote, nikamwonyesha hata mzee wa pasi ambaye hakujua kusoma. Siku hiyohiyo jina langu likafa nikawa Cheti. Cheti, lete pini. Cheti, hiyo sindano uliisoma kidato cha ngapi? Nikavimba, nikaapa sitamuuliza mtu kitu mle ndani, nitawaonyesha. Basi akaja mwalimu mkuu mmoja anayestaafu, mama mnene mwenye sauti ya kengele, na mahameli yake ya zambarau, kitambaa kidogo kuliko mwili, na fundi mkuu akawa hayupo. Nikapiga hesabu, mwanangu. Nikapanga kipande cha mbele kimetazama juu na cha nyuma kimetazama chini, vikaingiana kama meno, nikaokoa karibu nusu mita. Nilijipenda. Mzee wa pasi akaja na kikombe chake cha chai, akatazama, akaniuliza kama nimeipapasa. Nikamjibu kwamba kitambaa hupimwa kwa tepu, hakipapaswi kama paka. Akarudi kwenye pasi yake, nami nikakata, nikashona.

Gauni lilipotundikwa dirishani mchana, karakana nzima iliacha kazi kulitazama. Mbele zambarau iliyoiva, nyuma imepauka kama jivu, utadhani watu wawili wameazimana shingo. Mahameli ina nywele, mwanangu, na nywele zina njia yake, ukikipanga kipande kimoja juu na kingine chini, mwanga unakipiga hiki unakikimbia kile. Jiometri haikuniambia hilo. Nililia chooni, niliporudi mzee wa pasi alikuwa amekitandaza kile kilichobaki mezani, akaniambia nifumbe macho nipitishe mgongo wa mkono. Huku laini. Huku inakataa. Akaniambia, "Papasa kabla hujakata, Cheti. Kitambaa kitakwambia, ila hakipigi kelele." Tukaunga mgongo mpya kwa vipande, yeye akiupiga mvuke, na kile kipande kilichoharibika nikakitunza, ndicho nilichokushonea kimto. Juma lililofuata yule mzee, umri wake sabini na ushei, akaniomba nimfundishe kuandika jina lake. Tuliliandika kwa chaki juu ya meza ya kukatia, na kila likifutika aliliandika upya, akicheka peke yake. Yeye hakuona haya hata chembe. Nilimtazama nikasema kumbe hivi ndivyo mtu anavyozeeka bila kuchakaa.

Ungedhani nilikoma. Wapi. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na zangu wakati ule zilikuwa zinaota kinyume.

Wifi, sasa ninakuja kwako, usiache kuandika.

Ulipozaliwa, mwanangu, nilikuwa nimesoma kitabu cha uzazi mwanzo mpaka mwisho. Shangazi yako ambaye hajabahatika kupata mtoto wake, lakini amelea watoto wa wenzake mchana kutwa kwa miaka tisa, alikuja kunisaidia, akakutazama unanyonya, akasema pole pole kwamba unashika ncha tu, unameza hewa, nikusogeze ushike zaidi. Nilikuwa nimechoka, nimeshonwa, sijalala, hizo si sababu bali ndivyo nilivyokuwa. Nikamwambia, "Utanifundisha kunyonyesha, wewe uliyezaa nini?"

Alikuwa anakunja nepi. Akakunja zote, hadi ya mwisho, akaziweka safu, akachukua mkoba wake akaenda. Miezi minne hakukanyaga. Na wewe ukapungua, shingo ikawa kama uzi, mpaka mama mmoja wa kliniki akakutazama mara moja akaniambia maneno yaleyale, neno kwa neno, na ukashika, ukashiba siku hiyohiyo. Nilijua pale pale kwamba natakiwa kwenda kwake. Sikwenda. Nilingoja nipate maneno mazuri, na maneno mazuri, mwanangu, hayaji kwa aliyekaa. Nilipoanguka kwa kukosa pumzi, yeye ndiye aliyefika wa kwanza, hakuitwa na mtu, akakubeba, na hajaligusia hadi leo. Wifi, nimekosa. Nilikata kabla sijapapasa, tena nilikata palipo hai. Mbona umeinamisha kichwa? Andika hivyo hivyo.

Basi neno ndilo hili. Baba yako ni dereva wa lori, mwezi mzima anaonekana siku nne. Bibi yako, mama yangu, macho yameisha. Nisipoamka, ukae na shangazi yako, akulee kama wake, na umwite mama akipenda, sitaona wivu, au nitaona kidogo tu. Sikulazimishi, wifi. Ukikubali, andika hapo chini kwa mkono wako. Ukikataa, una haki, na samahani yangu inabaki palepale.

Nawe, mwanangu, usiwe Cheti. Soma, soma sana, cheti ukipate, lakini ukitoka nacho mlangoni ukumbuke kwamba kila unayekutana naye anajua kitu ambacho wewe hukijui, na aghalabu yeye mwenyewe hajui kuwa anakijua, mpaka umuulize. Anayekukosoa usimtazame kwanza nguo wala meno wala tumbo kama limezaa. Tazama neno lake, lipapase, limelala wapi. Na neno sijui lisikuunguze mdomo. Unajua nani amenifundisha hilo? Wewe. Juzi ulikuwa unatambaa kwa kurudi nyuma, unamtaka mdoli, mdoli anazidi kwenda mbali, nasi tunakucheka, nawe ukacheka na sisi, ukajaribu tena. Hujui kitu hata kimoja na huoni haya. Niliona raha siku ile kuliko siku ya matokeo.

Nesi amesimama mlangoni. Bado kidogo, dada.

Ajabu, vidole vya miguu vimepata joto. Nimekuwa na maisha mazuri, wifi, hilo nalo liandike, mafupi au marefu, lakini watu wake... watu wake wazuri.

Haya. Cherehani itiwe mafuta. Mzee wa pasi apelekewe salamu, aambiwe jina lake... ile herufi ya mwisho ageuze. Mama mboga asiinue ndoo. Mwanangu, mkono wangu uko kichwani pako, nywele zako zimelala huku... kulia. Mungu akupe walimu wengi. Akupe masikio ya... akupe moyo unaofunga na kufungua. Usiogope ku... kuuliza. Wifi, umeandika? Mto... nipe mto wangu. Laini. Huku laini.

*

Nimeandika yote kama alivyosema. Nimekubali. Alilala kabla sijamwambia. Atasoma mwenyewe akiamka.