Kazi ya Sylvia Ajiko Iliyozimwa

Padre wetu, wazee wa Rukala na wa Kocholia, wafanyakazi wenzake na majirani wa hapa Malaba, mimi naitwa Ekisa Okiria, ndugu wa Sylvia niliyemfuata kuzaliwa, na familia zote mbili zimenituma nisome maisha yake, nami nitasoma polepole, maana karatasi hii tumeiandika tukilia na sidhani kama tumeimaliza.

Sylvia Ajiko alizaliwa tarehe 14 Machi 1988 kule Kocholia, Teso Kaskazini, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Zephaniah Okiria na Mama Roselida, ambaye aliolewa kwetu kutoka Butula, na Sylvia akabatizwa Pasaka ya mwaka huohuo. Baba husema alikuwa mtoto wa maswali mengi, lakini mimi ninayemkumbuka ni dada aliyekuwa akifungua redio ya nyumbani vipande vipande, akiirudisha, na ikiimba, isipokuwa mara moja tu ambapo haikuimba tena, tukawa tunasikiliza mpira kwa jirani mpaka Krismasi.

Alianza darasa la kwanza Januari 1994 katika shule ya msingi ya karibu na nyumbani, akafanya KCPE mwaka wa 2001, kisha akaenda sekondari ya wasichana upande wa Butula, ambako alikuwa karibu na nyanya mzaa mama, akamaliza mwaka wa 2005. Mwaka wa 2007 aliingia chuo kikuu Nairobi kusomea sayansi ya kompyuta, akahitimu Desemba 2011.

Tarehe 29 Novemba 2014 alifunga ndoa kanisani Kocholia na Dancan Okwara wa Rukala, ambaye wengi wenu mnamjua kwa kazi yake ya kupitisha mizigo hapa mpakani, na Mungu akawajalia watoto wawili, Benedetta aliyezaliwa tarehe 3 Oktoba 2015, na Protus aliyezaliwa tarehe 21 Juni 2018. Walijenga hapa Malaba baada ya maji ya Nzoia kuingia nyumba yao ya Rukala mara nyingi kupita kiasi, na ni Sylvia mwenyewe aliyeomba azikwe hapa, asilazwe kwenye udongo unaojaa maji, na tunawashukuru wazee wa Rukala kwa kukubali jambo ambalo halikuwa rahisi kwao.

Kuhusu kazi, wengi mlikuwa mnamwona nyumbani mchana mkadhani anauza nguo kwa mtandao, kwa hivyo Dancan ameniomba nieleze vizuri. Kompyuta haifahamu lugha ambayo mtu anaandikia programu, lazima kuwe na programu nyingine katikati inayoigeuza kuwa amri ambazo prosesa inaweza kutekeleza, na hiyo ya katikati huitwa kompaila, nayo ndiyo Sylvia aliyokuwa anaijenga tangu mwaka wa 2016, akiwa ameajiriwa na kampuni moja ya ng'ambo. Ndani ya prosesa kuna nafasi za kushikilia nambari zinazoitwa rejista, nyingine ni pana, zinabeba nambari nne au nane kwa pamoja na kuzifanyia hesabu kwa mpigo mmoja, na ziko nambari zisizobadilika ambazo programu inazihitaji tena na tena, ambazo kompaila ilizoea kuzifuata mbali kwenye kumbukumbu. Sylvia aliifundisha kompaila izichunguze nambari hizo kwanza, na ikiwezekana izitengeneze palepale ndani ya rejista pana, kwa amri moja au mbili, bila safari hiyo. Ni jambo dogo, na yeye mwenyewe alisema ni dogo, lakini lilimchukua karibu miaka minne, na Mei 2022 kazi hiyo ilipokubaliwa na kutolewa kwa watumiaji wa dunia nzima, tulikula kuku na atapa, ugali wetu wa wimbi, katika uwanja huu, na Mama akamwambia jirani kwamba mtoto wake amefupisha njia, na hilo likawa ndilo jibu letu kila tulipoulizwa.

Ugonjwa ulianza Februari 2024. Alianza kwa kukosea majina, akamwita Benedetta kikombe, wakacheka wote wawili, halafu akamwita hivyo tena na hawakucheka. Madaktari wa Eldoret walimpiga picha ya kichwa, wakaona uvimbe kwenye ubongo, wakampasua tarehe 11 Juni, na wakamwambia Dancan ukweli, kwamba wametoa walichoweza na kwamba uvimbe utarudi.

Agosti ya mwaka huo ilikuja taarifa kutoka kwa mtumiaji wa nchi ya mbali kwamba mtambo wake wa simu unatoa jumla zisizo sahihi, bila onyo lolote, na uchunguzi ukaonyesha kosa liko katika kazi ya Sylvia. Ziko prosesa chache zinazopanga nambari kuanzia upande wa pili, na kwa hizo kompaila ilikuwa inaleta nambari zote, hakuna iliyopotea, ila baadhi zilikaa kwenye nafasi za nyingine. Habari hiyo ilimuumiza kuliko kisu cha Eldoret, akawa anauliza kila asubuhi ni watu wangapi wamefanya hesabu mbaya kwa sababu yake.

Kwa wakati huo alikuwa anasikia na kuongea, lakini maandishi hayakutulia machoni pake, hakuweza kuyasoma. Willis, mwenzake wa kazi aliyeko hapa pamoja nasi, alisafiri kutoka Nairobi, akakaa naye sebuleni akimsomea programu yake mwenyewe mstari kwa mstari, nami nilikuwapo. Kila alichorekebisha Willis kilinyoosha nambari za aina moja na kuvuruga za nyingine, kwa sababu mpango mzima ulikuwa kichwani mwa Sylvia.

"Willis, jibu ninalo," alimwambia.

"Nipe hata nusu yake, dada, mimi nitajaza."

"Ninalo. Nikitaka kulisema linaondoka."

Willis alirudi mara nyingi, na mwezi wa Novemba kampuni ikaamua kwamba haiwezi kuendelea kungoja, ikaizima kazi yote ya Sylvia, kwa prosesa zote, hata zile ambazo kwazo haikuwa na kosa, na kompaila ikarudia njia yake ya zamani ya kwenda kumbukumbuni. Dancan hakutaka mkewe aambiwe, Willis akasema ni haki yake kujua, na akamwambia mwenyewe, akiwa amemshika mkono.

"Wameizima yote?" Sylvia aliuliza.

"Yote, dada."

"Na jumla sasa zinatoka sawa?"

"Zinatoka sawa."

Akasema basi ni vizuri, akageukia ukutani, na siku ile hakula. Baadaye nilipokuwa naye peke yetu aliniambia alitaka kuacha kitu kinachofanya kazi, nami nikamjibu kama mtu yeyote angejibu, kwamba anaacha watoto, akasema, "Watoto si kazi yangu, Ekisa. Watoto ni watu."

Mwaka huu wa 2025 uvimbe ulirudi kama tulivyoambiwa, maneno yakampotea, ya Kiswahili kwanza, ya Kiingereza baadaye, akabaki na Kiteso kidogo cha utotoni ambacho Dancan na watoto hawakielewi, na Mama akawa mkalimani kati ya mtu na mume wake. Kufikia Septemba hata Mama hakuwa na cha kutafsiri. Alifariki asubuhi ya Alhamisi, tarehe 9 Oktoba, katika hospitali ya Kocholia, kilomita chache kutoka alikozaliwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Eldoret na wa Kocholia, waliotuambia ukweli bila kutuficha, majirani wa Malaba waliowalisha Benedetta na Protus kama watoto wao, wenzake Dancan wa mpakani waliobeba zamu zake, jumuiya ya kanisa, na Willis, ambaye ameniambia leo asubuhi kwamba bado anaisoma ile programu, na kwamba bado hajaona alichokuwa anakiona Sylvia.

Sylvia, mtoto wa Okiria, mke wa Okwara, mama wa hawa wawili walioketi mbele, amani hukuipata hapa kwetu na sisi hatukuweza kukupa, basi ipate huko uliko, upumzike.