Ukimwosha Mmoja

Mwaka themanini na mbili, sabuni ilipokuwa adimu Kahama kuliko dhahabu, kijiwe cha Bujiku muuza kahawa kilihamia mbele ya Duka la Ushirika. Benchi moja, birika moja, vikombe sita, na mbele yake foleni ya mawe. Kila jiwe lilikuwa mtu. Uliweka lako alfajiri ukaenda zako, wala hakuna aliyeligusa. Ila mlango ukifunguliwa na wewe haupo, jiwe lilitupwa mtaroni na foleni ikasogea. Wasiokosa benchini walikuwa wawili: Jilala, aliyeitwa Dakta kwa kuwa alipiga deki hospitalini miaka minne, na Mabula, aliyeitwa Karati kwa sababu ya mwaka mmoja aliofanya kazi kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui, mwaka ambao habari zake hazikuwahi kumwishia.

Asubuhi moja akatokea Thobias fundi cherehani, pacha mmoja mgongoni, mmoja kifuani, na binti yake Skola wa miaka minne kashika pindo la shati. Mkewe Bernadina alikuwa Kishapu tangu juzi akimuuguza mama yake. Thobias alikuwa ameshaweka jiwe, ameshachota maji, na ametoka zahanati, maana mapacha wake, Kulwa na Doto, walikesha wakichemka homa.

— Mwangaluka, — alisalimu kwa Kisukuma, akajitupa benchini.

— Mwangaluka. Nesi kasemaje? — Dakta aliuliza.

— Malaria. Wote wamekunywa dawa, ile chungu. Kanipa na kichupa hiki, dozi moja ya akiba. Mmoja akitapika kabla ya nusu saa, nimrudishie. Asiyetapika nisimwongeze hata tone. Kasema kwa watoto wa umri huu ikizidi inaua.

Hapo mlango wa duka ukafunguliwa, na mawe yasiyo na wenyewe yakaanza kuruka.

— Kimbia, — Bujiku alimwambia. — Watoto ni wetu sote.

Thobias akawashusha mapacha, akawaacha watoto wote watatu benchini, akakimbia. Aliporudi alikuwa na mche mzima wa sabuni kwapani, na kwa mara ya kwanza tangu juzi aliiona dunia ikimtendea haki. Kisha akawaona wanawe. Walikuwa uchi wa mnyama, wamelowa, wamefungwa pamoja kwenye koti la Karati. Wazee watatu walisimama pembeni wakisubiri kushukuriwa.

— Vipi tena?

— Mmoja katapika, — Karati alisema. — Usijali, tumeshasafisha.

— Yupi?

Karati akamtazama Dakta. Dakta akamtazama Bujiku. Bujiku akalitazama birika.

— Mmoja wao, — Bujiku alisema.

— Kulwa ana kovu hapa sikioni, Doto hana. Aliyetapika ana kovu?

— Masikio hatukuyaangalia, — Karati alisema. — Sisi tulikuwa tunatazama mawe yanavyorushwa, kugeuka mtoto anatapika. Tukamwosha. Na mwenzake tukamwosha. Mabasa, mapacha hawa, hawabaguliwi, Thobias, unajua mwenyewe. Ukimwosha mmoja ukamwacha pacha wake, yule uliyemwacha anasusa, anaugua.

— Na vinywa?

— Tumevisukutua vyote viwili. Nguo tumefua zote. Hata harufu huipati.

Thobias hakuweza kuwagombeza. Yeye mwenyewe akimkata Kulwa kucha, lazima amkate na Doto, hata kama alimkata jana. Alikitoa kile kichupa, akakirudisha mfukoni. Dawa ikizidi inaua, na homa ikiachwa inaua vilevile. Aliogopa, tena aliogopa sana, na aliona aibu kuogopa mbele ya watu wanaokunywa kahawa.

— Narudi kwa nesi, — alisema.

— Nesi atakuuliza nani katapika, — Dakta alisema. — Utamjibu nini? Tulia. Dawa ni kitu cha uzito. Tuwapeleke kwenye mizani ya pamba. Si wanasema damu nzito kuliko maji? Basi na tumbo lenye dawa ni zito kuliko tupu.

— Mizani ile inaiba, — Karati alisema. — Inamwibia mkulima gunia zima, itashindwa kuiba kijiko cha dawa? Kule Mwadui almasi tuliitafuta kwa grisi. Unamwaga mchanga na maji juu ya grisi, mchanga unapita, almasi inanasa. Tuwapake watoto mafuta. Mwenye dawa atatoa jasho, mafuta yatateleza. Asiye nayo, yatanasa.

— Na yakiteleza kwa wote? — Thobias aliuliza.

— Basi hakuna aliyetapika.

— Nyie mnahangaika, — Bujiku alisema. — Mapacha tumbo lao ni moja, limegawanywa tu. Kila mmoja apewe nusu. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba ndicho ninachokiogopa, — Thobias alisema.

Walikuwa wamefika kwenye shauri la kuwaning'iniza miguu juu ili dawa ijioneshe, alipotokea mama mmoja mtu mzima aliyeshuka basi la Geita, kaniki begani, akiulizia kahawa. Baadaye walikuja kujua anaitwa Serafina. Walimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, wakamweleza kisa chote kwa zamu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainama kuchungulia chini ya benchi.

— Na huyu mbona hamkumwosha?

Wanaume nao wakainama. Chini ya benchi Skola alikuwa amekaa kimya, mguu mmoja kaukunja nyuma ya mwingine. Dakta akakohoa. Karati akaanza kusema kwamba huyu si pacha, akaishia katikati.

Thobias alipiga magoti. Mguu wa bintiye ulikuwa na matapishi yaliyokauka, toka gotini mpaka kwenye vidole.

— Skola, nani kakutapikia?

— Doto, — alisema. — Nilikuwa nimempakata. Babu akamchukua.

— Una hakika ni Doto? Si Kulwa?

— Kulwa alikuwa kwa babu wa birika.

— Kweli, — Bujiku alisema taratibu. — Mmoja alikuwa kwangu.

— Mbona hukusema, mama? — Thobias alimuuliza binti yake.

— Hamkuniuliza.

Thobias alimchukua asiye na kovu, akaangalia sikio mara mbili, akamnywesha dozi yote. Doto alikunja uso, akameza. Wakasubiri, na safari hii wanaume wanne walimkodolea macho mtoto mmoja na hakuna aliyetazama foleni. Nusu saa ikapita. Doto akacheua kidogo na kulala. Thobias akacheka, akagundua analia, akaendelea kucheka.

Kisha akaazima kisu cha Bujiku, akakata kipande kinono cha ile sabuni ambayo Bernadina alikuwa hajaiona, akamkalisha Skola benchini mahali pa Dakta. Akamwosha mguu pole pole, kidole kwa kidole, povu likamfika kiwikoni.

— Tayari, — alisema.

Skola akautazama mguu wake, halafu akamnyooshea wa pili.